Pua Imeziba, Chumba Kimenuna: Je, Damu Yako Inaweza Kusema Sainasi Imefika Wapi?

Mafua yasiyoisha yanaweza kukunyima usingizi, harufu ya chakula na hata raha ya ndoa. Wapo wanaosema kipimo kidogo cha damu kinatosha kuonyesha ugonjwa umekolea kiasi gani. Kabla hujakimbilia maabara na mkoba wako, soma hapa kwanza.

Kuna wapenzi wanaogombana kuhusu pesa, wapo wanaogombana kuhusu simu, na wapo wanaogombana kuhusu pua. Hawa wa mwisho bila shaka hawasemi hivyo. Mke atakwambia mume anakoroma kama karasha, ndiyo maana yeye kahamia chumba cha watoto. Mume atasema mama watoto siku hizi hana raha, kila jioni kichwa kinamuuma na akiguswa anageukia ukutani. Mwingine atalalamika kwamba alijipulizia marashi mapya ya bei mbaya, mwenzake wala hakushtuka. Ukifuatilia kwa utulivu unakuta katikati ya ugomvi kuna pua iliyoziba tangu mwezi wa tano, na mtu aliyezoea kusema, "Aah, ni mafua tu, yataisha."

Hayaishi. Anakwenda duka la dawa anapewa vidonge vya antibayotiki, anapata nafuu siku nne, yanarudi. Anakwenda zahanati anapimwa malaria, typhoid na UTI. Anarudi na mfuko wa dawa, pua bado imeziba. Baadaye anasikia kwa rafiki yake kwamba kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama sainasi imekuwa kali. Je, ni kweli? Jibu ni kwamba kuna ukweli ndani yake, ila ni ukweli wenye masharti. Na kwa sisi wa Nyanda za Juu Kusini, masharti hayo ni muhimu kuliko kwa wengine.

TUELEWANE KWANZA: SAINASI NI NINI?

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Vipo nyuma ya mashavu, juu ya nyusi, katikati ya macho na vingine nyuma kabisa ya pua. Kila mtu anavyo, hivyo kusema "nina sainasi" ni sawa na kusema "nina figo". Tatizo linaanza pale ngozi laini ya ndani ya vyumba hivyo inapovimba, milango yake midogo ikafunga, na ute ukakosa pa kutokea. Wazee wengi huita maumivu yake kipanda uso, ingawa jina hilo hutumika pia kwa kichwa cha upande mmoja ambacho hakihusiani kabisa na pua.

Ugonjwa unaitwa sugu ukidumu wiki 12 au zaidi. Mwongozo wa wataalamu wa Ulaya uliotolewa mwaka 2020 unataka mtu mzima awe na dalili 2 au zaidi, na mojawapo lazima iwe pua kuziba au kutoa ute, iwe mbele au kwa kuteremkia kooni. Nyingine ni maumivu au uzito usoni, na kupungua au kupotea kwa uwezo wa kunusa. Dalili hizo peke yake hazitoshi: daktari lazima aone ushahidi ndani ya pua au kwenye picha.

Jambo la kushika hapa ni kwamba wagonjwa wa sainasi sugu wako wa namna mbili kubwa. Wapo wenye polipu, yaani vinyama laini vya rangi ya kijivu vinavyoning'inia puani kama zabibu zilizomenywa, na wapo wasio nazo. Mtaani tunasema "nyama za pua" kwa kila kitu, hata zile tezi za nyuma ya pua zinazosumbua watoto, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanza. Damu inasema mengi zaidi kwa kundi la kwanza kuliko la pili.

KWA NINI MAKONGOLOSI?

Tumeichagua Makongolosi makusudi. Mji huu wa wilaya ya Chunya, takriban kilomita 110 kutoka Mbeya mjini, umekaa kwenye ukanda wa dhahabu wa Lupa, ambao watu wamekuwa wakiuchimba tangu miaka ya 1920. Vijana wengi wanaosoma ukurasa huu wana ndugu, mchumba au mume huko: mchimbaji, mwalimu, mhasibu wa mgodi, wakala wa fedha za simu, nesi. Lami imefika na mji unachangamka, lakini pua za watu wake zina kazi kubwa.

Hebu hesabu. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi mvua hakuna, na vumbi ni lile jekundu linaloingia hadi kwenye shuka. Kwenye makarasha mawe yanasagwa mchana kutwa na unga wake unapeperuka. Kwenye mashamba kuna tumbaku na mabani yake ya kukaushia kwa moto wa kuni. Nyumbani kuna mkaa. Halafu mtu huyohuyo anapanda gari kwenda Mbeya mjini mwezi wa saba, anakutana na baridi ambayo wageni wanaisimulia miaka yote. Vumbi na moshi huchubua ngozi ya ndani ya pua na kuchosha vile vinyweleo vidogo vinavyosukuma ute nje. Tafiti za nchi mbalimbali zimehusisha kazi za vumbi na moshi na sainasi sugu. Na vumbi la mawe ya dhahabu lina silika, ambayo ikifika kwenye mapafu huleta madhara yasiyorudi nyuma na kufungulia njia kifua kikuu. Kwa hiyo anayekohoa muda mrefu Makongolosi asikimbilie kusema "ni sainasi". Apime makohozi kwanza.

DAMU INAINGIAJE HAPA?

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili, nao wako wa aina 5: neutrofili, limfosaiti, monosaiti, eosinofili na basofili. Neutrofili hupambana zaidi na bakteria. Eosinofili kazi yake ya asili ni kupambana na minyoo, lakini hujitokeza pia kwenye aleji na pumu. Kwa mtu wa kawaida eosinofili ni wachache, mara nyingi asilimia 1 hadi 6 ya chembe nyeupe zote.

Kwa wagonjwa wengi wa polipu, hasa Ulaya na Marekani, daktari akikata kipande cha polipu na kukiangalia kwa hadubini anakuta kimejaa eosinofili. Askari hawa wakikusanyika wanamwaga kemikali zinazounguza ngozi ya pua yenyewe. Ute unakuwa mzito kama gundi, harufu inapotea, polipu zinaota upya hata baada ya kukatwa. Kwa kuwa wanapita kwenye damu kabla ya kufika puani, watafiti wakajiuliza: je, tukiwahesabu kwenye damu hatuwezi kujua mapema nani ana aina hii?

Wajapani ndio waliofanya hesabu inayotajwa sana. Mwaka 2015 walichapisha utafiti wa wagonjwa 1,716 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 15, wakatengeneza mfumo wa alama. Ugonjwa ukiwa pande zote mbili unapata alama 3. Polipu zikiwepo, 2. Vyumba vya katikati ya macho vikiwa vimejaa kuliko vya mashavuni, 2. Kisha damu: eosinofili zikizidi asilimia 2 hadi 5 unapata alama 4, zikizidi 5 hadi 10 unapata 8, zikizidi 10 unapata 10. Ukifikisha alama 11 unahesabiwa kuwa na ile aina ya eosinofili.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Pua peke yake, hata ikiwa mbaya vipi, inaishia alama 7. Damu peke yake, hata ikiwa juu vipi, inaishia 10. Hakuna kimoja kinachofika 11 bila mwenzake. Hapo ndipo ukweli wote wa suala hili ulipo: damu na pua ni mke na mume, kila mmoja anahitaji mwenzake ili maneno yake yaaminike.

Wajapani hao waliendelea kupanga ukali. Mgonjwa wa aina hii mwenye eosinofili zaidi ya asilimia 5 na vyumba vya katikati ya macho vilivyojaa, na juu yake ana pumu au anadhurika na aspirini na dawa za jamii yake, aliwekwa kwenye kundi kali. Ndio hao ambao polipu zao hurudi zaidi baada ya upasuaji.

ISOME KARATASI YAKO MWENYEWE

Habari njema ni kwamba kipimo chenyewe hakina maajabu. Ni FBP, ile picha kamili ya damu ambayo pengine umeshapimwa mara kadhaa kwa sababu nyingine. Tafuta karatasi yako ya zamani kwenye droo. Angalia mstari ulioandikwa EOS. Utaona namba mbili: moja ya asilimia na nyingine ya idadi. Kama idadi imeandikwa 0.30, maana yake ni eosinofili 300 katika tone dogo sana la damu, mikrolita moja.

Kama kuna asilimia tu, tumia kalamu. Chembe nyeupe zikiwa 6,000 na eosinofili ni asilimia 8, zidisha 6,000 kwa 8, gawanya kwa 100, unapata 480. Vitabu vingi huweka mpaka wa kawaida kwenye 500. Lakini kwenye masuala ya polipu wataalamu huanza kujali mapema zaidi. Mwongozo wa Ulaya wa 2020 ulitumia 250 kama moja ya dalili za uvimbe wa aina hii, na makubaliano ya wataalamu ya 2023 yakashusha hadi 150.

Ila angalia mtego mmoja. Maabara nyingi ndogo zina mashine inayogawa chembe nyeupe katika mafungu 3 tu: limfosaiti, granulosaiti na fungu la katikati. Hiyo haitenganishi eosinofili. Ukiona karatasi imeandikwa LYM, MID na GRAN, usihangaike kutafuta EOS, haipo. Uliza kama kuna mashine ya mafungu 5 au mtaalamu wa kuhesabu kwa hadubini. Swali hilo dogo linaweza kukuokolea nauli ya kwenda Mbeya bure.

UTATA WA KWETU: MINYOO HAIJAWAHI KUOMBA RUHUSA

Hapa ndipo tunapoachana na Wajapani. Huku kwetu, eosinofili zikipanda mtu wa kwanza kushukiwa si pua. Ni minyoo. Safura inayoingia kwa kutembea peku, kichocho cha madimbwi na mito, na minyoo wadogo wanaoitwa strongiloidi wanaoweza kukaa mwilini miaka na miaka bila mtu kujua, wote wanapandisha eosinofili. Mchimbaji anayefanya kazi kwenye matope na maji ya mwalo anaweza kuwa na eosinofili 900 na pua yake ikiwa safi kabisa. Na mwenzake mwenye polipu za kutisha anaweza kusoma 200 kwa sababu wiki iliyopita alimeza prednisolone.

Suala la "kawaida ni ipi?" nalo lina historia hapahapa Mbeya. Mwaka 2008 watafiti waliofanya kazi mkoani Mbeya walichapisha viwango vya kawaida vya damu kwa watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania, kwa kuwa viwango vilivyotumika vilikuwa vya watu wa Ulaya na Marekani. Mwaka 2009 ukafuata utafiti mwingine uliokusanya damu za watu wenye afya Kenya, Uganda, Rwanda na Zambia. Ulionyesha kuwa watu wa ukanda wetu huwa na neutrofili chache na eosinofili nyingi kuliko Wamarekani. Kwa hiyo namba inayomshtua daktari wa Tokyo inaweza kuwa ya kawaida kwa dada wa Makongolosi anayekimbia kilomita 5 kila asubuhi.

Yapo mambo mengine yanayoyumbisha namba hii:

Dawa. Vidonge na sindano za steroidi hushusha eosinofili ndani ya saa chache. Ukipimwa ukiwa unazitumia, karatasi inakudanganya.

Saa. Eosinofili hupanda usiku na kushuka asubuhi hadi mchana. Ukitaka kulinganisha vipimo viwili, pima muda uleule.

Maradhi mengine. Homa kali ya bakteria inaweza kuzishusha kwa muda. Pumu na ukurutu huzipandisha bila polipu yoyote.

VIPI KUHUSU VIPIMO VINGINE?

Ukiingia maabara kubwa utaambiwa kuna orodha. Tuipitie haraka.

IgE ni kinga inayohusiana na aleji. Ule mwongozo wa 2020 ulitaja kiwango cha 100 na kuendelea kama ishara ya uvimbe wa aina ya eosinofili. Lakini minyoo nayo inaipandisha IgE, tena sana. Huku kwetu ikisimama peke yake haisemi lolote kuhusu ukali wa sainasi.

CRP hupanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi makali. Inasaidia kwenye sainasi ya ghafla yenye homa. Kwenye sainasi sugu mara nyingi inakuwa ya kawaida hata kama mgonjwa analia. Usiambiwe "huumwi" kwa sababu CRP iko chini.

Uwiano wa neutrofili na limfosaiti, yaani namba moja kugawanywa kwa nyingine, umeandikwa sana kwenye majarida ya kitabibu kwa sababu ni wa bei rahisi. Matokeo yake yanapingana. Na kwa kuwa neutrofili zetu kwa asili ziko chini, mpaka uliowekwa nchi nyingine haufai kuhamishiwa Chunya bila kupimwa upya.

Kwa wasio na polipu, hakuna kipimo cha damu hata kimoja kinachoaminika kupima ukali. Tuseme wazi hivyo.

BASI UKALI UNAPIMWAJE?

Usishangae: kipimo cha kwanza ni mstari tu kwenye karatasi. Kwenye mwanzo wa mstari andika 0, hapanisumbui kabisa. Mwisho andika 10, siwezi kuvumilia. Weka alama mahali ugonjwa unapokusumbua. Mpaka 3 ni mdogo, juu ya 3 hadi 7 ni wa kati, juu ya 7 ni mkali. Mstari huu usio na gharama ndio unaotumiwa na mabingwa wa Ulaya.

Kipo pia kidodoso cha maswali 22 kinachoitwa SNOT-22, chenye alama 0 hadi 110. Kinauliza kuhusu kupiga chafya na ute, lakini kinauliza vilevile kuhusu usingizi, uchovu, hasira, huzuni na aibu. Soma tena orodha hiyo. Karibu nusu ya mambo anayoyauliza daktari wa pua ni mambo ambayo mwenzi wako anayaona kabla yako.

Kisha daktari bingwa wa masikio, pua na koo anaingiza kamera nyembamba puani na kuangalia polipu zimeteremka hadi wapi. Mwisho ni CT scan, ambapo kila chumba kinapewa alama ya 0, 1 au 2 na njia zake za kutolea ute zinapewa 0 au 2, jumla ikiwa 24. Picha ya eksirei ya uso haitoshi kwa kazi hii. Kwa watu wa Chunya, bingwa wa karibu kwa kawaida anatafutwa Mbeya mjini, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda. Piga simu kuulizia siku za kliniki kabla ya kupanda gari.

SASA HIYO NAMBA YA DAMU INA FAIDA GANI?

Ina faida, tena kubwa, ikitumika mahali pake. Inamsaidia daktari kuchagua njia.

Mwenye polipu na eosinofili nyingi, baada ya minyoo kuondolewa, kwa kawaida hafaidiki na antibayotiki mfululizo. Anayemfaa ni spurei ya steroidi ya puani, kila siku, kwa miezi, pamoja na kuosha pua kwa maji ya chumvi. Akifanyiwa upasuaji ajue mapema kwamba polipu zinaweza kurudi na dawa ya pua itaendelea. Kujua hivyo kunazuia yale maneno ya "yule daktari alinilia hela". Na mwenye dalili za pumu atatafutiwa tiba ya pumu, maana pua na mapafu ni njia moja.

Nje zipo pia sindano zinazozuia mawasiliano ya askari hawa. Ya kwanza, dupilumab, iliidhinishwa Marekani kwa polipu mwaka 2019. Ni za gharama kubwa na huchomwa kwa muda mrefu, kwa hiyo kwa wengi wetu spurei, chumvi na upasuaji ndiyo njia iliyopo. Nayo inafanya kazi ikifuatwa.

Kuna hatari moja ambayo kila anayepewa prednisolone kwa ajili ya polipu anapaswa kuijua. Steroidi za kumeza zikimkuta mtu mwenye strongiloidi, minyoo hao wanaweza kusambaa mwili mzima na kuua. Dozi moja ya albendazole tuliyoizoea haitoshi kuwaondoa; ivermectin ndiyo inayowamudu zaidi. Hivyo eosinofili zilizopanda kwa mtu wa machimboni si za kushushwa kwa vidonge vya steroidi na kusahau. Mwambie daktari wazi unafanya kazi wapi.

KWA WAWILI: PUA YA MWENZIO NI KAZI YAKO PIA

Kupoteza harufu si jambo dogo kwenye mapenzi. Chakula kinakuwa kama karatasi, na mpishi anaumia. Mtu hajui kama ananuka jasho, anaanza kujitenga. Hajui kama gesi inavuja jikoni au maziwa yameungua. Kinywa kinakauka kwa kupumulia mdomo, pumzi inaharibika, busu linakwepwa. Usingizi ukikatika kila usiku, hamu ya tendo la ndoa nayo inapungua, na hapo ndipo maneno ya "umepata mwingine" yanapozaliwa.

Kabla ya kutuhumiana, fanyeni majaribio ya jikoni. Mwenye pua afumbe macho, mwenzake amsogezee kahawa, iliki, kitunguu saumu na sabuni, kimoja kimoja. Andikeni alivyovitambua na tarehe. Rudieni kila baada ya wiki 4 za matibabu. Mwenzi aandike pia usiku ngapi kwa wiki kuna kukoroma, na ngapi mgonjwa anaamka kutafuta hewa. Karatasi hiyo mkiipeleka kwa daktari ina uzito kuliko kusema "nasumbuliwa sana".

Kuosha pua nako kunaenda vizuri mkiwa wawili. Chukua kikombe cha robo lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi, inama kwenye sinki, pitisha upande mmoja yatokee mwingine. Maji ya bomba au ya kisima bila kuchemsha usiyaingize puani kabisa, yanaweza kubeba vimelea hatari. Spurei ielekezwe upande wa sikio, isielekezwe kwenye ukuta wa kati wa pua, na usinuse kwa nguvu. Na yale matone ya kuzibua pua papo hapo yasizidi siku 5. Ukiyazoea, pua inaziba zaidi ukiyaacha.

Kwa anayefanya kazi karashani, mawe yamwagiwe maji kabla ya kusagwa, na barakoa iwe ile inayobana uso na kuchuja vumbi. Kitambaa cha shingoni hakichuji unga wa mawe. Nguo za kazi zibaki nje ya chumba cha kulala. Hilo ni pendo kwa pua ya mwenzio na mapafu ya watoto.

MASWALI 6 YA KUMUULIZA DAKTARI

1. Je, nina polipu au sina? Umeziona kwa macho?
2. Eosinofili zangu ni ngapi kwa idadi, siyo asilimia tu?
3. Nimetumia steroidi wiki za karibuni? Je, turudie kipimo?
4. Nipimwe au nitibiwe minyoo kwanza, ikiwemo strongiloidi?
5. Nina pumu iliyojificha? Je, aspirini, diclofenac au ibuprofen zinanidhuru?
6. Antibayotiki hizi ni za nini, na kwa siku ngapi?

USISUBIRI KLINIKI

Nenda hospitali siku hiyohiyo ukiona jicho limevimba au linatoka nje, unaona vitu viwiliviwili, kichwa kinauma kupita kiasi na shingo imekaza, au homa kali na kuchanganyikiwa. Na pua ikiziba upande mmoja tu, ikitoa damu mara kwa mara, itazamwe mapema hata kama damu yako haina shida yoyote.

Kwa hiyo rafiki yako aliyesema kuna kipimo cha damu cha sainasi hakukudanganya. Hakumalizia tu. Karatasi ya FBP inaweza kukwambia wewe ni mgonjwa wa aina gani, baada ya minyoo na dawa kuwekwa pembeni. Ukali wenyewe unasemwa na kamera, na CT scan, na ule mstari wa 0 hadi 10. Leo jioni chukueni kalamu, mchore mistari miwili. Mmoja ajaze mwenye pua, mwingine ajaze anayelala naye. Kama namba zenu zinapishana sana, zungumzeni kabla ya kulala, na asubuhi pigeni simu kliniki.